Sura ya 7: Breki au Rangi?

Kila msimu mpya wa gemu ya mtandaoni unapofunguliwa, swali moja hurudi. Huulizwa na kijana aliyekaa barazani na simu mkononi, na huulizwa pia na mzazi aliyemnunulia bando: "Mbona wanaleta nguo mpya za wahusika, na gemu yenyewe inakwama?" Kijana huyo ameshapigwa risasi akiwa amejificha nyuma ya ukuta. Ameshatupwa nje ya mchezo ikiwa imebaki dakika moja ashinde. Amengojea sasisho wiki mbili, nalo limekuja na koti jipya na bunduki ya dhahabu, huku tatizo lake likiwa palepale.

Swali hilo ni la haki, na jibu lake linaanzia stendi ya matatu.

Mwenye matatu jijini Nairobi hupokea hesabu kila jioni. Siku gari linapolala gereji, hesabu haipo. Sasa mchukulie mwenye gari ambaye fedha yake inatosha kazi moja tu: abadilishe breki zilizoanza kulia, au alichore gari upya na kulifungia skrini na spika. Breki haionekani kutoka stendi, rangi inaonekana. Vijana wako radhi kuliacha gari lililo mbele ya foleni wakaingojea nganya yenye muziki na michoro. Basi mwenye gari anachagua rangi. Thamani ya breki anaijua vizuri. Lakini rangi inamlipa kesho asubuhi, na breki inamkinga na hasara ambayo huenda isitokee mwezi huu.

Kampuni za gemu za mtandaoni zimekalia kiti hichohicho. Katika sura hii tutaona kwa nini rangi hushinda mara nyingi, nini hutokea breki zikisahaulika, na ni utaratibu gani unaoweza kuzipa breki nafasi yake.

Maneno manne ya kubeba njiani

- Hitilafu ni kosa ndani ya programu linaloifanya gemu itende jambo ambalo watengenezaji hawakulikusudia: mlango usiofunguka, risasi isiyohesabiwa, mhusika anayezama ardhini.
- Kipengele kipya ni chochote kinachoongezwa ambacho hakikuwepo: ramani, silaha, mhusika, vazi, aina nyingine ya shindano.
- Sasisho ni furushi la mabadiliko unalopakua. Likiwa dogo na kazi yake ni kuziba hitilafu tu, huitwa kiraka, kama kile cha nguo.
- Seva ni kompyuta ya kampuni inayowaunganisha wachezaji wote na kuamua nani kampiga nani.

Kwa nini kipya hushinda

Sababu ya kwanza ni fedha. Gemu nyingi za simu hupakuliwa bure. Mishahara ya watengenezaji na gharama za seva hutoka kwa wachezaji wanaonunua mavazi, mapambo ya silaha na pasi za msimu. Hakuna duka ndani ya gemu linalouza "mlango uliorekebishwa kwa shilingi mia mbili".

Sababu ya pili ni kuonekana. Ramani mpya hutengenezewa video ya dakika mbili, ikasambazwa na kuzungumzwa. Ukarabati uliofanywa vizuri hauna picha, kwa maana hakuna anayeweza kuona ajali ambayo haikutokea.

Sababu ya tatu ni mgawanyo wa kazi, na hapa wachezaji wengi hukosea. Anayechora koti jipya ni msanii. Kumwambia aache koti arekebishe seva ni sawa na kumtaka mchoraji wa matatu aweke brashi chini na kuingia uvunguni mwa gari. Angeacha kuchora leo, na seva ingebaki kama ilivyo. Lakini vitu vipya havifanani. Silaha inayotenda kwa namna yake, mhusika mwenye uwezo wa pekee au ramani yenye kuta zinazobomoka huhitaji waandishi wa programu walewale ambao wangekuwa wanatafuta hitilafu, na wajaribu walewale ambao wangekuwa wanazithibitisha. Muda unaogombaniwa ni wa watu hao.

*Kwa ufupi: kipya huleta fedha na huonekana. Vazi peke yake halimnyang'anyi fundi muda wake. Kinachomnyang'anya ni kipengele kipya chenye kutenda.*

Kila kipya huja na mzigo wake

Kama vipya na hitilafu vingekuwa vitu viwili visivyohusiana, mjadala ungekuwa mwepesi. Lakini kila kitu kinachoongezwa hugusana na vilivyokuwepo, na palipogusana ndipo hitilafu huzaliwa.

Desemba 2007, kampuni ya CCP ya Iceland ilitoa upanuzi mkubwa wa gemu yake ya vyombo vya angani, EVE Online. Upanuzi huo uliitwa Trinity, na wachezaji waliusubiri kwa hamu kwa sababu ulileta picha nzuri kuliko za awali. Ndani ya gemu kulikuwa na faili dogo lenye jina boot.ini. Kwa bahati mbaya, Windows za wakati huo nazo zilikuwa na faili lenye jina hilohilo, ambalo kompyuta hulisoma inapowashwa. Sasisho lilipokuwa likisafisha mafaili ya zamani, kwa baadhi ya wachezaji lilifuta faili la Windows badala ya lile la gemu. Mtu akizima kompyuta yake usiku, asubuhi haiwaki. Kampuni iliomba radhi na kuwaelekeza walioathirika namna ya kuzifufua kompyuta zao. Uzuri wote wa zile picha ulifunikwa na faili moja.

Kisa cha pili kinaonyesha mzigo unaokua polepole. Wachezaji wa GTA Online kwenye kompyuta walikuwa wakilalamika miaka nenda miaka rudi kwamba gemu inachukua dakika nyingi kufunguka. Mwishoni mwa Februari 2021, mchezaji mmoja asiye mfanyakazi wa kampuni aliamua kuchunguza mwenyewe. Aligundua kwamba gemu inapofunguka husoma orodha ya bidhaa zinazouzwa ndani yake, zipatazo 63,000, na kwamba inaisoma kwa njia mbili mbaya.

Kwanza, kila ilipotaka kusoma neno linalofuata, ilihesabu upya urefu wote wa maandishi yaliyobaki. Mchukulie karani anayesoma daftari la majina, na kabla ya kila jina anahesabu kurasa zote zilizosalia mpaka jalada la mwisho. Pili, kila bidhaa ilipoingizwa ililinganishwa na zote zilizotangulia, kuhakikisha haijajirudia. Kwa bidhaa 63,000, hiyo ni milinganisho karibu bilioni 2.

Kwenye kompyuta yake, gemu ilichukua takriban dakika sita kufunguka. Alipoandika marekebisho yake, muda ulishuka hadi chini ya dakika mbili. Rockstar, kampuni yenye gemu hiyo, ilikiri kwamba yuko sahihi, ikamlipa dola 10,000, na Machi mwaka huohuo ikatoa sasisho lenye marekebisho hayo kwa wote.

Tazama hesabu ya kisa hiki. Kwa njia ile ya kulinganisha, orodha ikiongezeka mara mbili, kazi huongezeka mara nne. Orodha ya bidhaa mia chache ingesomwa bila mtu kuhisi lolote. Kwa hiyo kila bidhaa iliyoingia dukani iliongeza uzito juu ya kosa lililolala, na hakuna bidhaa moja unayoweza kuinyooshea kidole kwamba ndiyo iliyoharibu. Wahandisi huliita jambo hili deni la kiufundi: kazi iliyofanywa kwa njia ya mkato leo, ambayo riba yake hulipwa kila siku mpaka mtu arudi kuifanya ipasavyo.

*Kwa ufupi: kipya kinaweza kuvunja kitu siku hiyohiyo, au kuongeza riba ya deni la zamani. Kuongeza bila kukarabati huufanya ukarabati ujao uwe ghali zaidi.*

Hitilafu hazilingani

Je, kampuni irekebishe kila kitu kwanza, ndipo ilete kipya? Haiwezekani. Gemu kubwa ina hitilafu nyingi mno zilizoandikishwa, na nyingine hazina madhara. Kofia inayopenya ukutani haimnyimi mtu ushindi.

Wafanyacho watengenezaji ni kama kifanywacho kwenye mapokezi ya wagonjwa wa dharura. Muuguzi hafuati nani katangulia kufika. Anatazama nani anavuja damu. Maswali yanayoulizwa juu ya hitilafu ni haya:

1. Inawagusa wachezaji wangapi?
2. Inazuia kucheza, au inakera tu?
3. Je, mtu anaweza kuitumia kuwadhulumu wenzake?
4. Je, tunaweza kuirudia mbele ya macho yetu? Hitilafu isiyoweza kurudiwa ni vigumu kuithibitisha kwamba imepona.
5. Kuirekebisha kunaweza kuvunja kitu gani kingine?

Swali la tatu ndilo linaloweza kuifanya hitilafu ndogo iwe janga. Septemba 2005, gemu ya World of Warcraft ya kampuni ya Blizzard ilifungua eneo jipya liitwalo Zul'Gurub. Zimwi la huko, Hakkar, liliwaambukiza wachezaji ugonjwa wa kichawi uliokusudiwa kubaki ndani ya eneo lile. Lakini wanyama wanaofuatana na wachezaji nao waliambukizwa, na walipoitwa tena mjini walitoka na ugonjwa. Wahusika wanaoendeshwa na kompyuta, kama wauza duka, waliubeba bila kufa. Wachezaji wa viwango vya chini walianguka barabarani, na wengine wakaueneza kwa makusudi. Kampuni ilijaribu kuwatenga wagonjwa, ikashindwa, na mwishowe ililazimika kuanzisha seva upya na kurekebisha programu. Baadaye wataalamu wa magonjwa ya kuambukiza waliandika kuhusu tukio hilo, kwa vile tabia za wachezaji zilifanana na za watu kwenye mlipuko wa kweli. Hitilafu ya namna hiyo haingoji foleni. Kila kipya husimama mpaka izibwe.

Waliothubutu kulaza gari gereji

Kuna kampuni zilizofikia hatua ya kusema hadharani: msimu huu hatuleti kipya.

Maarufu zaidi ni Ubisoft na gemu yake Rainbow Six Siege, iliyotoka Desemba 2015. Watu watano hupambana na watano katika jengo, na kosa dogo la sekunde humaliza pambano. Mpango wa mwaka 2017 ulikuwa kuleta ramani na wapiganaji wapya kila miezi mitatu. Lakini wachezaji walilalamikia seva, walilalamikia jinsi timu zinavyopangwa, na walilalamikia kile kinachoitwa hitboksi, yaani umbo lisiloonekana linalomzunguka mhusika na ambalo seva hulitumia kuamua kama risasi imempata. Umbo hilo likiwa pana kuliko mwili, unauawa na risasi iliyopita kando yako.

Mei 2017 kampuni ilitangaza Operation Health: msimu mzima wa miezi mitatu wa ukarabati. Msimu wenye mandhari ya Hong Kong uliosubiriwa ulisogezwa hadi Septemba. Ramani iliyopangwa ya Poland ilifutwa kabisa, na wapiganaji wa Poland wakagawanywa katika misimu iliyobaki. Wapo waliokuwa wameshalipia pasi ya mwaka, na hasira yao inaeleweka. Hata hivyo wapiganaji wanane walioahidiwa mwaka ule walitoka wote. Kilichotolewa kafara ni ramani na muda.

Mwaka uliofuata, waliotengeneza gemu ya PUBG walifanya jambo linalofanana. Agosti 2018 walianzisha kampeni waliyoiita Fix PUBG, yaani "rekebisha PUBG". Waliweka hadharani orodha ya matatizo pamoja na ratiba, na wakaendelea nayo hadi Novemba.

Waliokwenda mbali kuliko wote ni Square Enix ya Japani. Gemu yao Final Fantasy XIV ilizinduliwa Septemba 2010 ikiwa na kasoro nyingi kiasi kwamba waliacha kutoza ada ya mwezi hadi Januari 2012. Desemba 2010 walimkabidhi Naoki Yoshida uongozi. Yoshida aliamua kufuata njia mbili kwa wakati mmoja: kuendelea kuitia viraka gemu ya zamani kwa ajili ya wachezaji waliobaki, na huku akijenga mpya kutoka msingi. Novemba 2012 seva za zamani zilizimwa, na ndani ya hadithi ya gemu mwezi ukaangukia dunia ile. Agosti 2013 gemu ilirudi kwa jina A Realm Reborn, na ikawa miongoni mwa gemu kubwa za aina yake duniani.

Visa hivi vinapendeza kusimulia, lakini nataka msomaji aone kilichotangulia. Msimu mzima wa gereji huja baada ya misimu mingi ya kuahirisha. Mwenye gari anayelilaza miezi mitatu kwa ajili ya injini ni yuleyule ambaye hakuwa akibadilisha oili kila mwezi. Ujasiri wake ni wa kweli, na gharama aliyolipa ingeweza kuwa ndogo.

*Kwa ufupi: kusimamisha vipya kunaweza kuiokoa gemu, lakini ni dawa ya ugonjwa ulioachwa ukomae.*

Kanuni ya kibubu

Anayeweka akiba kwenye kibubu anajua siri moja: ukingoja kuweka kinachobaki mwisho wa wiki, hakibaki kitu. Fedha ya kibubu hutengwa kwanza, ndipo matumizi yafuate. Muda wa ukarabati nao uko hivyo. Ukiachwa ugombanie nafasi na ramani mpya kila Jumatatu kwenye kikao, utashindwa kila Jumatatu, kwa zile sababu tulizoziona: hauna fedha papo hapo wala hauna video. Kwa hiyo usigombanie. Utengwe.

Namna za kuutenga ni kadhaa, na timu makini huchanganya zaidi ya moja:

- Fungu la kudumu. Sehemu ya muda wa kila mzunguko wa kazi ni ya ukarabati, hata mzunguko ukiwa na shughuli nyingi kiasi gani.
- Zamu. Watu wachache hukaa kwenye hitilafu tu kwa wiki kadhaa, kisha hubadilishana na wenzao, asiwepo fundi anayezeeka akiziba matundu ya wengine.
- Lango. Hakuna kipya kinachojengwa juu ya sehemu iliyovunjika. Ukitaka kuongeza bunduki, kwanza tengeneza hesabu ya risasi.
- Seva ya majaribio. Wachezaji wanaojitolea hucheza sasisho kabla halijawafikia wote.
- Orodha ya wazi. Kampuni hutangaza hitilafu inazozijua na hatua iliyofikia. Mchezaji anayejua kwamba tatizo lake limeonekana huvumilia zaidi.

Mfano mzuri wa kuutenga ukarabati na ugombaniaji huo uko Cambridge, Uingereza, kwa kampuni ya Jagex. Tangu 2013 gemu yao Old School RuneScape huwaomba wachezaji wapige kura juu ya vipengele vipya. Hapo awali kipengele kilihitaji asilimia 75 ya kura ili kipite, na tangu 2022 kinahitaji asilimia 70. Hitilafu hazipigiwi kura. Hurekebishwa tu. Kipya kinaomba ruhusa, na ukarabati una ruhusa tayari. Kwa maoni yangu huo ndio mpangilio sahihi wa mambo.

Sehemu yetu sisi wachezaji

Turudi stendi. Mwenye matatu alichagua rangi kwa kuwa abiria walichagua rangi. Tukidai breki kwa mdomo na kulipia rangi kwa mfuko, atausikiliza mfuko.

Kwetu jambo hili lina uzito wa ziada. Wengi wetu hucheza kwa bando linalopimwa kwa megabaiti. Sasisho lililotoka haraka likiwa na hitilafu hulipiwa mara mbili: bando la kulipakua, na bando la kupakua kiraka chake siku tatu baadaye. Mwenye waya wa intaneti nyumbani huona usumbufu. Mwenye kununua bando la siku huona hasara. Kwa hiyo tuna haki ya kudai, na tudai kwa namna inayosaidia:

1. Ripoti kwa ukamilifu. Taja aina ya simu, toleo la gemu, ulikuwa ukifanya nini na nini kilitokea. "Gemu mbovu" haimsaidii fundi. "Inajizima kila ninapofungua ramani nikiwa ndani ya gari" inamfikisha mlangoni.
2. Rekodi skrini ukiweza. Sekunde kumi za video huokoa siku nzima ya kukisia.
3. Usiitumie hitilafu kuwadhulumu wenzako. Iripoti kabla haijaenea.
4. Usimtukane msanii kwa kosa la seva. Elekeza lawama panapohusika.
5. Tazama mfuko wako. Kama gemu haichezeki, ngoja kununua pasi ya msimu mpaka ichezeke.

Na lipo jambo la mwisho ambalo ni dogo kuliko yote, lakini ndilo tunaloliacha. Ukarabati hushindwa kwa sababu hauonekani, basi sisi tuuone. Siku sasisho litakapokuja bila silaha wala vazi, likiwa na orodha ndefu tu ya vitu vilivyotengenezwa, isome orodha hiyo. Lipakue, cheza, kisha waandikie waliolifanyia kazi uwaambie kwamba breki zimeshika.